Mapigano ya bunduki ambayo mtu wa Goma atayaamini: mwongozo kwa wanaopiga filamu

Filamu yetu ya kwanza tuliionyesha Mabanga, mtaa wa hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kwenye ukumbi wa mbao wenye viti vya plastiki, na ilikwenda vizuri mpaka dakika ya kumi na moja. Hapo shujaa wetu alikimbia kwenye kijia, akajibanza nyuma ya nyumba ya mbao, na majambazi watatu wakamimina risasi upande wa pili. Vumbi likaruka, ukuta ukatikisika, shujaa akatoka mzima. Mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, aliyeketi mstari wa mbele akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwanangu, mbao inazuiaga masasi tangu lini?" Watu wakacheka, na tangu hapo hakuna aliyeifuata hadithi tena.

Mama yule alikuwa na haki. Mtazamaji wa Goma anaijua bunduki kwa masikio. Wengi wetu hatujawahi kuishika, lakini Novemba 2012, waasi wa M23 walipouteka mji, tulilala chini, na Januari 2025 waliporudi tukalala tena, siku kadhaa, tukisikiliza ipi iko karibu na ipi iko mbali, ipi inakuja na ipi inaondoka. Mtu wa namna hiyo humdanganyi kwa moshi na kelele. Ila yuko tayari kukuamini kuliko unavyodhani, ukimheshimu kwenye yale anayoyajua. Haya ndiyo ninayoyafuata sasa, kwa utaratibu huu, kila tunapokuwa na tukio la bunduki.

1. Andika uongo wako kabla ya kuandika tukio

Mwaka 1817 mshairi Mwingereza Samuel Taylor Coleridge aliandika juu ya msomaji anayeweka shaka kando kwa hiari yake ili hadithi ipite. Neno la kushika hapo ni hiari. Mtazamaji ni kama mwenye duka anayekuandikia deni kwenye daftari: anakupa, lakini anajua mpaka wako uko wapi.

Chukua karatasi, igawe mara mbili. Upande mmoja andika uongo unaoomba upewe: shujaa ana bahati kupita watu wote, adui analenga vibaya, mvua inanyesha sawasawa na wakati unaoihitaji. Haya watu watakupa, wamewapa wasimulizi wa hadithi tangu enzi za mababu. Upande wa pili andika yale ambayo hutayagusa: ukuta unazuia nini, sauti inatoka wapi, magazini (kile kikasha cha risasi) ina risasi ngapi, binadamu anaogopa vipi. Danganya juu ya bahati, usidanganye juu ya vitu.

Kisha onyesha mpaka huo mapema. Kama shujaa wako ataruka kutoka ghorofa ya pili na kuendelea kukimbia, mpe kitu cha kupita kiasi katika dakika tano za kwanza, watu wajue wako kwenye hadithi ya aina gani. Ukianza kama habari za kweli halafu dakika ya arobaini mtu akaruka juu ya paa na bunduki mbili mikononi, umevunja mkataba mwenyewe.

2. Hesabu risasi

Kalashnikov ya kawaida ina magazini ya risasi 30. Ikiachwa ipige mfululizo, hutoa takriban risasi 600 kwa dakika, yaani 10 kwa sekunde. Fanya hesabu: sekunde 3 na imekwisha. Ile picha ya mtu anayefyatua nusu dakika bila kuinamisha kichwa inahitaji magazini kumi. Bastola nyingi za milimita 9 hubeba kati ya risasi 15 na 17, na zile za kuzungusha kwa kawaida 6.

Kwenye hati ya filamu, pembeni ya jina la kila mwenye bunduki, mimi huandika namba na kuipunguza kadiri tukio linavyoendelea. Kazi hii ya dakika ishirini imenipa matukio mazuri kuliko fikra zangu zote. Mtu aliyebakiwa na risasi 2 anaongea tofauti na mwenye 20. Anayebadilisha magazini mikono ikitetemeka, akaiangusha kati ya mawe, akapapasa kuitafuta gizani, hapo ukumbi hautacheka. Na ukimya wa sekunde nne baada ya bunduki kuisha unatisha kuliko mlio wenyewe.

Jambo jingine dogo: bunduki ikishawekwa magazini hukokiwa mara moja tu. Mwigizaji akiikoki tena kila anapotaka kuonekana mkali, risasi nzima ingerukia nje na kuanguka chini. Wazee waliopitia jeshi watalisema hilo kwa sauti, na mtaani kwetu wako wengi.

3. Chagua ukuta kabla ya kuchagua kamera

Hapa ndipo tulipoangukia, na hapa ndipo Goma inapokupa zawadi ambayo studio kubwa haina.

Tazama nyumba zetu. Chini kuna msingi wa mawe ya volkano, mara nyingi unafika gotini, wakati mwingine kiunoni. Juu yake mbao. Juu ya mbao, bati. Kila mtoto wa Goma amefundishwa maana ya mpangilio huo bila darasa: bunduki ikianza kulia, unashuka chini ya usawa wa jiwe. Mbao inakuficha usionekane, haikukingi. Bati halizuii hata risasi iliyochoka inayoanguka kutoka juu, ndiyo maana kuna waliojeruhiwa wakiwa kitandani. Kuficha na kukinga ni vitu viwili, na mapigano ya filamu yako yote yanaweza kujengwa juu ya tofauti hiyo.

Basi pita mahali utakapopigia picha na chaki. Weka alama kwa kila kitu kinachozuia risasi ya bunduki ndefu: ukuta mnene wa mawe, rundo la moloni (mawe ya kujengea), shina la mti mkubwa, injini ya gari. Weka alama nyingine kwa visivyozuia: mbao, bati, meza, kabati, kochi, mlango wa gari. Sinema nyingi za nje zinawakinga polisi kwa mlango wa gari ulio wazi, lakini mlango ule ni mabati mawili membamba na kioo katikati. Mwigizaji wako akijificha nyuma ya tairi la mbele, upande wa injini, umeshinda hoja bila kusema neno. Na gari lisilipuke. Risasi ya kawaida ikitoboa tangi, petroli inavuja, na ndiyo hayo tu.

Sasa ingiza kamera ndani ya nyumba. Tukio letu bora hadi leo halina hata mtu mmoja mwenye bunduki. Ni chumba kimoja, saa tisa usiku, mama anawavuta watoto mmoja mmoja kutoka kitandani na kuwalaza sakafuni kando ya msingi wa jiwe, anawagusa vichwa akihesabu, anafika wa tano, anaanza upya kwa sababu wako sita. Godoro linaburutwa. Juu, kwenye mbao, kunatokea tundu dogo ambalo halikuwapo, na mwanga wa nje unapita ndani kama uzi. Kamera iliwekwa sentimita thelathini kutoka ardhini, kwa sababu hapo ndipo macho ya kila mtu huwa usiku wa namna hiyo.

4. Bunduki ni za mbao, bila mjadala

Usiazime bunduki ya kweli kwa askari unayemfahamu. Usitumie hata risasi baridi, yaani ile yenye baruti bila kichwa cha risasi. Mwaka 1984 mwigizaji wa Marekani Jon-Erik Hexum alijiwekea kichwani bastola yenye risasi baridi kwa mchezo tu, na msukumo wa gesi peke yake ukamuua. Tarehe 31 Machi 1993, huko Wilmington, Brandon Lee aliuawa kwenye upigaji wa The Crow: kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama ndani ya mtutu bila mtu kukagua, na risasi baridi iliyofuata ikakisukuma nje. Tarehe 21 Oktoba 2021, New Mexico, mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa na risasi ya kweli iliyokuwa ndani ya bastola wakati wa kuandaa Rust. Hao walikuwa na fedha na watu walioajiriwa kushughulikia silaha tu. Sisi hatuna.

Nenda kwa fundi wa chukudu. Ndiyo, chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Mikono inayochonga chombo kinachobeba magunia ya viazi kutoka milimani inaweza kuchonga kitako cha bunduki kwa siku moja. Mpe picha na vipimo, mwombe atoboe tundu refu ndani na kuingiza chuma. Kalashnikov iliyojaa ina uzito wa karibu kilo 4, na uzito huo ndio unaomfanya mwigizaji ashike sawasawa. Ubao mtupu mkononi unaonekana ubao hata ukiupaka rangi nzuri vipi, kwa sababu mabega hayashuki.

Funza mambo matatu tu. Kidole kinakaa nje ya kifyatulio mpaka wakati wa kupiga. Bunduki inapopiga, kitako kinasukuma bega na mtutu unapanda. Na asiyezoea hufumba macho, kwa hiyo kama mhusika wako ni kijana aliyeshika silaha jana, mwache afumbe.

5. Majirani kwanza, kamera baadaye

Hatua hii usiiruke hata kama una haraka. Bunduki ya mbao kwa mita hamsini ni bunduki, na mtu mwenye silaha ya kweli hatakuja kuuliza ilichongwa na nani.

Pata idhini ya maandishi kutoka kwa mamlaka, shuka hadi kwa viongozi wa mtaa: chefu wa kartie, chefu wa avenyu na wa nyumba kumi. Pigia picha ndani ya parsele (kiwanja) yenye uzio mrefu, mbali na shule, kambi na barabara kubwa. Bunduki za mbao zifike ndani ya gunia lililoshonwa na ziondoke ndani ya gunia lililoshonwa, na mtu mmoja azihesabu asubuhi na jioni. Sare za kijeshi ziacheni kabisa. Wahusika wavae jinsi, makoti ya mvua, ndala, kama majambazi wa kweli wanavyovaa.

Jioni ya kuamkia siku ya kazi, tembea nyumba kwa nyumba. Usitume mtoto, nenda mwenyewe, upige hodi, uketi ukipewa kiti. "Mama, kesho kuanzia saa tatu tutakuwa kwa jirani, tunapiga filamu. Mtaona vijana wanakimbia. Hakuna mlio hata mmoja utakaosikika." Asubuhi rudi tena, maana kuna aliyekuwa kazini. Ahadi ya mlio usikiuke. Hakuna fataki, hakuna spika ya kupiga sauti za bunduki ili waigizaji wapate hisia.

Hilo la spika nalisema kwa uchungu. Tulilifanya mara moja. Kijana mmoja hodari, mcheshi kuliko wote, aliposikia mfululizo wa kwanza aliangusha alichoshika akaingia chini ya meza ya chai, na alipotoka hakuongea mpaka tulipomrudisha kwao Ndosho. Sisi tulikuwa tumeisikia sauti ile mara mia kwenye kompyuta, tukasahau ni sauti ya nini. Siku hizi kabla ya kumpa mtu nafasi namuuliza faraghani kama yuko tayari kulala chini na kujifanya anapigwa risasi. Akisema hapana, tunamtafutia nafasi nyingine na sababu haiulizwi. Na kila mtu anajua neno moja ambalo likitamkwa, kazi inasimama.

6. Waelekeze kwa kitambaa

Kama hakuna mlio, mwigizaji atashtuka vipi kwa wakati? Mtu asimame nyuma ya kamera na kitambaa cheupe. Kikishuka, risasi imepita. Fanyeni mazoezi taratibu, kwa kuhesabu, mpaka kila mmoja ajue kitambaa cha tatu ni chake.

Usiwaache wote washtuke pamoja kama kwaya. Mwenye uzoefu anashuka kwanza, bila kelele, na anamvuta aliye karibu. Mgeni anasimama akigeuka huku na huku. Yupo anayekimbia, anayeganda, na yule ambaye simu iko sikioni kabla hajafika chini: "Uko wapi? Usitoke. Baki hapo hapo." Wape wahusika wako simu. Katika mapigano yote niliyoyapitia watu walikuwa wanapigiana simu, lakini kwenye filamu naona kama wote wameishiwa na vocha.

Aliyepigwa risasi harushwi nyuma. Kichwa cha risasi ya Kalashnikov kina gramu 8 hivi na hutoka kwa kasi ya mita 715 kwa sekunde. Ukiugawa msukumo huo kwa mtu wa kilo 70 unapata sentimita 8 kwa sekunde, mwendo ambao mtoto anayetambaa anauzidi. Mtu anaanguka pale pale, au anakaa chini kama aliyechoka, au anaendelea hatua kadhaa akishangaa kwa nini mguu una maji. Mwambie mwigizaji: miguu imekukatikia, basi. Kamba za kumvuta mtu nyuma waachie wengine.

7. Sauti: weka nusu ya muda wako hapa

Mlio wote unaingia kwenye montaji, yaani wakati wa kuunganisha picha na sauti. Huku kwetu mtu kwanza anasikia, kuona huja baadaye kama kukija, kwa hiyo ukikosea sauti, picha haitakuokoa.

Risasi ya bunduki ndefu ina sauti mbili. Ya kwanza ni ya risasi yenyewe ikipasua hewa karibu na sikio, kavu, kali, kama mjeledi. Ya pili ni ya mtutu kule ilikotoka, nzito, imezama. Risasi inaitangulia sauti, kwa sababu sauti husafiri karibu mita 340 tu kwa sekunde. Mpigaji akiwa mita 300, ule mjeledi unafika mwanzo na mtutu unafuata baada ya zaidi kidogo ya theluthi ya sekunde. Kwa filamu ya fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, hizo ni fremu 9. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaweka mlio mmoja mnene, ule ule, kwa bunduki iliyo mkononi na bunduki iliyo mtaa wa pili. Kwa mhusika anayelengwa weka zote mbili. Kwa aliye mbali na njia ya risasi bakiza mtutu peke yake, punguza sauti za juu, ongeza mwangwi wa kuta.

Ukionyesha mwanga wa mtutu kwa mbali, fanya kama radi: mwanga kwanza, mlio baadaye. Kila mita 100 ni fremu 7 hivi za kusubiri.

Kizuia sauti hakifanyi bastola ipumue kama paka. Kinapunguza, lakini mlio unaobaki kwa kawaida unazidi desibeli 120, jirani ataamka. Na bunduki ikipigwa ndani ya chumba, masikio ya wote yanaziba. Wasinong'onezane mara moja baada ya hapo. Punguza mazungumzo yasikike kama yako chini ya maji, weka mvumo mwembamba sikioni, kisha urudishe dunia polepole.

Vya kutengenezea sauti viko nyumbani. Mjeledi: kunja mkanda wa ngozi mara mbili, usukume upanuke, halafu uuvute ghafla. Mbao kutobolewa: vunja kipande kikavu cha mkaratusi karibu na mikro. Bati: ligonge kwa kokoto, si kwa nyundo, nyundo ni nzito mno. Maganda yanayoanguka: misumari mikubwa juu ya jiwe la volkano, na hapo utasikia kitu cha Goma tupu, kwa sababu jiwe letu lina matundu na halilii kama saruji. Rekodi ukiwa chini ya blanketi, mlango umefungwa.

Lakini kabla ya mlio wa kwanza, rekodi mtaa. Jenereta, pikipiki, kwaya inafanya mazoezi, mbwa, muuza mkate. Halafu viondoe kimoja kimoja. Pikipiki kwanza, maana motari, dereva wa pikipiki, ndiye anayejua mapema kuliko wote. Kisha milango ya maduka inashuka. Kwaya inakatika katikati ya neno. Anabaki mbwa, kisha naye anaacha. Ukifika hapo umekwisha kumtisha mtu wa Goma, na hujapiga risasi hata moja.

8. Mwanga na damu, kwa ufupi

Mwanga wa mtutu ni fremu moja, mara chache mbili. Kwa mfululizo wa risasi 10 kwa sekunde, uweke baada ya fremu 2, kisha 3, kisha 2. Mchana jua likiwaka hauonekani sana, kwa hiyo uufifishe. Cheche kila risasi inapogusa ukuta ziache: jiwe linatoa vumbi na vipande.

Damu: chemsha sukari na maji mpaka yawe mazito, tia rangi nyekundu ya chakula na kijiko kidogo cha kakao iwe nyeusi kidogo. Kwenye nguo ianze kama doa la sarafu na ikue taratibu. Kidogo kinatosha. Watazamaji wetu hawahitaji kukumbushwa zaidi.

9. Jaribu bila picha

Ukimaliza, zima skrini. Tafuta watu watatu wasiohusika na filamu, wakiwa wamekubali baada ya kuelezwa watakachosikia, wafumbe macho, wawe na ruhusa ya kuvua hedifoni wakati wowote. Wachezee sauti peke yake, bila kuwauliza kama ni nzuri. Waulize: iko wapi? Iko mbali kiasi gani? Inakuja au inaondoka? Majibu yakitofautiana, rudi hatua ya saba.

Sauti ya filamu ya pili nilimpelekea yule mama wa Mabanga, sokoni, asubuhi kabla wateja hawajajaa. Alijifuta mikono, akavaa hedifoni juu ya kitambaa cha kichwa, akafumba macho. Tulikuwa tumeupanga mlio ule utoke mita 600. Alisikiliza hadi mbwa aliponyamaza, akangoja, akainua kiganja kana kwamba ananizuia nisisogee. "Hii haiko karibu," akasema. "Iko upande ya Mlima Goma. Lakini watoto waingie ndani."

Kisha akafumbua macho, akaangalia sambaza zake, akaniuliza kama mama wa kwenye filamu alipata watoto wote sita.